Taka za kwenye chujio la majitaka: zipikie kantini au zifukiwe?

Swali: Mimi ni fundi sanifu kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wetu, hapa Tanzania. Kwa siku yanaingia majitaka kama mita za ujazo 5,000. Kwenye chujio la nondo pale mlangoni tunakwangua toroli mbili za taka kila siku, tunazifukia shimoni nyuma ya ofisi. Shimo linajaa, nzi wametuzidi na majirani wanalalamikia harufu. Meneja ameona video ya mtambo wa Ulaya unaotoa gesi kwenye taka za namna hii, sasa anataka tujenge mtambo wa biogesi wa kuba ili kantini iachane na mkaa. Je, taka hizi zinatoa gesi kweli? Na mtambo uwe na ukubwa gani?

Jibu: Zinatoa, ndugu yangu. Ila mtambo wa kuba msijenge kwa ajili ya taka hizo. Sababu zangu nitaziweka kwenye hesabu ya toroli zako mbili, ili ukienda kwa meneja uwe na namba mkononi.

Video haikumdanganya. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, na wa Leeds, Uingereza, wamezipima taka za kwenye machujio ya majitaka na kupata methani, ile gesi yenyewe inayowaka ndani ya biogesi, zaidi kidogo ya lita 300 kwa kila kilo ya sehemu inayoungua, yaani taka iliyokaushwa ukiondoa majivu. Huko kinachonasa kwa wingi ni karatasi za chooni, vitambaa laini vya kujifutia, na kinyesi kilichoshikana navyo. Karatasi ni selulosi, yaani nyuzi za mimea, na kilo moja ya selulosi ikioza yote pasipo hewa hutoa kinadharia lita 415 za methani. Wenzetu pia wana msukumo wa kifedha ambao huku haujatufikia sana. Tangu Umoja wa Ulaya utoe agizo lake la madampo mwaka 1999, kupeleka dampo taka zinazooza kumebanwa na kumepanda gharama, kwa hiyo kila tani inayopungua ni fedha iliyookolewa kabla hata gesi haijahesabiwa. Halafu mitambo mingi mikubwa ya huko ina matangi ya kuozeshea tope yaliyokwishajengwa, yanayopashwa joto, yenye vichanganyio na mafundi wa zamu. Taka za chujio zikiongezwa humo ni kama kutia viazi kwenye chungu ambacho tayari kinachemka. Nyinyi mnataka kununua chungu kwa ajili ya viazi viwili.

Sasa angalia toroli yako. Watu wetu wengi hutawaza kwa maji, kwa hiyo karatasi ni chache. Kinachojaa pale chujioni unakijua kuliko mimi: pedi, pampasi, mifuko, vifuniko vya chupa, vitambaa vya kudekia, kondomu, magunzi ya mahindi, majani, maganda ya mboga kutoka kwenye masinki ya hoteli, na nywele bandia zinazojisokota kwenye nondo mpaka uzikate kwa kisu. Mvua ikinyesha unaongezeka mchanga. Humo kuna vitu vinavyooza vizuri sana, yaani kinyesi, maganda, karatasi na mafuta ya jikoni yaliyoganda. Vipo vinavyooza polepole, kama magunzi na vitambaa vya pamba. Na vipo ambavyo bakteria hawatavigusa hata ukiwasubiri miaka kumi. Pedi moja tu ina vyote: nyuzi laini za mti ndani, chembe za kunyonya unyevu katikati, na ngozi ya plastiki nje.

Twende kwenye hesabu. Toroli mbili ni kama lita 120. Zikichuruzika vizuri, tuseme uzito wake ni kilo 100, na asilimia 80 ya uzito huo bado ni maji. Zinabaki kilo 20 kavu. Ukizichoma maabara, kilo 16 zinaungua na kilo 4 zinabaki majivu na mchanga.

Hapa wengi wanapotea. Wanachukua zile kilo 16, wanazizidisha kwa lita 300 na kuanza kuchora mtambo. Kipimo cha kuchoma kwa nyuzi 550 hakijui tofauti kati ya kinyesi na mfuko wa plastiki. Vyote viwili vinaungua, vyote vinahesabiwa kuwa mali. Kwenye taka za Ulaya kosa hilo ni dogo kuliko kwenye zetu. Kwenye zenu nisingeshangaa nusu ya zile kilo 16 ikiwa plastiki na nyuzi za viwandani. Basi tuchukue kilo 8 zinazooza. Zikitoa lita 300 kila moja, ni mita za ujazo 2.4 za methani kwa siku, yaani kama mita 4 za biogesi yenye methani asilimia 60. Kwa nguvu ya moto hiyo ni karibu kilo 1.9 za gesi ya mitungi, mtungi wa kilo 15 kwa siku nane hivi. Kwa upande wa mkaa, kwa kuwa jiko la gesi halipotezi moto kama jiko la mkaa, mnaokoa kama kilo sita au saba kwa siku.

Meneja atasema hiyo si haba, na kwa kantini ndogo ni kweli. Tatizo ni njia ya kuifikia.

Mtambo wa kuba, ule uliosambazwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, ni mzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni samadi. Samadi ya ng'ombe imekwishatafunwa, ikachanganywa na maji inakuwa uji mmoja unaoteremka wenyewe kwenye bomba la kuingizia, ukakaa wiki kadhaa na kusukumwa nje na uji mpya. Hakuna pampu wala kichanganyio, na chini ya kuba huna mlango wa kuchungulia. Humo sasa tia pedi na mifuko. Vitu vyepesi vinaelea na kushikana na mafuta na nywele, vikifanya ukoko juu ya uji ambao gesi inapenya kwa shida. Vitambaa vinaziba bomba la kuingizia. Mchanga unatua chini, na kila ndoo ya mchanga inakula nafasi ya uji, kwa hiyo muda wa kuoza unafupika mwezi hadi mwezi bila nyinyi kuona. Baada ya mwaka mmoja au miwili gesi inapungua, mtu anasema bakteria wamekufa, analetewa samadi mpya, na hali inabaki vilevile. Mwisho inabidi kuba lifunguliwe na mtu aingie kuchota.

Sitaki mtu wenu aingie humo. Gesi ya shimo la namna hiyo ina hidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Ikiwa kidogo inanuka, ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa pua inachoka na hainusi tena, na hapo ndipo inapoanza kuua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini miguuni mwa mchotaji. Methani nayo ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka kwa cheche ya tochi mbovu. Anayemfuata mwenzake aliyeanguka shimoni bila kifaa cha kupumulia anageuka kuwa wa pili.

Mtasema basi tutachambua kwanza, plastiki kando, vinavyooza kando. Kwa mikono ya nani? Kwenye taka hizo mna nyembe na sindano zilizotupwa chooni. Kabla sijaruhusu mtu achambue toroli mbili kila siku kwa ajili ya kilo saba za mkaa, ningetaka kuona glavu nene, viatu vya mpira, chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda, na kuoga kwa sabuni kabla ya kwenda nyumbani. Vyote hivyo vinafaa hata kwa kazi yenu ya sasa ya kukwangua, na kama hamna, hilo ni la wiki hii, kabla ya mambo ya biogesi.

Kuna njia moja ya kuozesha taka hizi zikiwa hivyohivyo zilivyo, bila kuzisukuma kwenye bomba. Unajenga vyumba viwili au vitatu vya zege vyenye mlango usiopitisha hewa. Unajaza kimoja kwa chepe, ukichanganya taka na nusu yake ya mabaki yaliyokwishaoza kutoka chumba kilichotangulia, unafunga, halafu unanyunyizia juu yake majimaji yanayochuruzika chini na kuyarudisha tena juu kwa pampu ndogo. Baada ya wiki tatu au nne unafungua, unapitisha hewa mpaka kifaa cha kupimia gesi kiseme salama, unatoa na kujaza upya. Plastiki haisumbui kwa sababu hakuna kinachozunguka. Karatasi na pamba zina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, kwa hiyo utahitaji kuongeza samadi au uchafu wa matumbo kutoka machinjioni. Kitaalamu inafanya kazi. Lakini milango isiyovuja ni ghali, na toroli mbili kwa siku hazilipi milango hiyo. Kama halmashauri yenu itataka kuozesha na taka za soko kuu, tani kadhaa kwa siku, hapo niite tuzungumze, na taka za chujio zitaingia humo kama nyongeza.

Kabla ya uamuzi wowote, fanyeni kipimo cha gharama ndogo. Kwa wiki moja kamili, jumapili na siku ya mvua zikiwemo, pima uzito wa taka zinazotoka. Kila siku chukua kilo mbili kutoka sehemu mbalimbali za toroli, kausha, kisha tenganisha kwa koleo la chuma: plastiki na nyuzi, pedi na pampasi, nguo, magunzi na majani, na vilivyobaki. Hicho kitakuambia zile kilo 8 zangu ni za kweli au ni 5. Ukitaka kuona gesi kwa macho, omba kwa mfugaji mwenye mtambo lita chache za uji unaotoka, utie kwenye chupa sita zinazofanana. Tatu tia uji peke yake, tatu tia uji na taka zilizokatwakatwa, kiasi kwamba uji uwe na vitu vinavyooza mara mbili ya vile vya taka. Ziba kwa kizibo chenye mpira, ziweke penye joto la nyuzi 35 hivi, na kila siku pima gesi inayosukuma maji kwenye chupa ya pili. Ukitia soda kali (kostiki) kwenye maji hayo, ile ya kutengenezea sabuni, itanyonya hewa ukaa na utabaki unapima methani karibu tupu. Vaa miwani, maji hayo yanachoma. Baada ya siku 30, toa gesi ya chupa za uji peke yake kwenye gesi ya chupa zenye taka. Kinachobaki ndicho taka zenu zinachotoa.

Nimeziongelea sana toroli, na sasa nikupeleke kule ambako gesi yenu yenyewe iko, kwa sababu inapaa hewani kila siku huku meneja akitazama video.

Majitaka ya mji wenye choo cha maji na hoteli huwa na BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu uliomo, ya kama miligramu 400 kwa lita. Chukua namba ya maabara yenu badala ya yangu. Kwa mita za ujazo 5,000, hiyo ni kilo 2,000 za BOD kwa siku, na COD, yaani oksijeni ya kuunguza uchafu huo kwa kemikali, kama mara mbili yake, kilo 4,000. Kila kilo ya COD inayoozeshwa pasipo hewa inatoa lita 350 za methani. Bwawa lenu la kwanza, lile lenye kina kirefu na maji meusi yanayotoa mapovu, ndiyo kazi yake. Likiozesha nusu tu ya mzigo huo, ni mita za ujazo 700 za methani kwa siku. Toa inayobaki imeyeyuka majini na inayopotea pembeni, tuseme nusu nzima, bado una 350. Toroli zako zilikuwa na 2.4.

Mita 350 za methani kwenye jenereta ya gesi ni kama kilowati 50 za umeme mchana na usiku. Ili kuzikamata unafunika bwawa hilo kwa turubai zito la plastiki linaloelea, kingo zake zikizikwa ukutani mwa bwawa. Kwa nyuzi 25 za joto, kanuni ya usanifu ni gramu 350 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku, kwa hiyo mzigo wenu unahitaji bwawa la mita za ujazo 5,700 hivi, na kwa kina cha mita 4 ni turubai la mita za mraba 1,500 na zaidi kidogo. Melbourne, Australia, wanafanya hivyo kwenye mabwawa yao makubwa ya Werribee na kuzalisha umeme. Karibu na kwetu, Kampala, mtambo wa Bugolobi unapata gesi na umeme kutokana na tope lake, ingawa wao wanatumia matangi na ukubwa wao ni mita za ujazo 45,000 kwa siku.

Na hapa chujio lako linarudi kwa sura nyingine. Adui mkubwa wa turubai ni ukoko wa mafuta na uchafu unaoelea chini yake. Werribee wenyewe wamelazimika kuuchunguza kwa miaka, kwa kuwa ukikua unalisukuma turubai na kulichakaza. Kila nguo na pampasi inayoponyoka chujioni inaongeza nguvu kwenye ukoko huo. Ukitaka gesi ya bwawa, basi chujio lenu liwe zuri zaidi na taka zitoke nyingi zaidi. Nondo zenye nafasi ya sentimita 5 hazitoshi. Ningeweka nyuma yake chujio la pili la milimita 10, na mtego wa mafuta kwa kila hoteli inayotiririshia kwenu.

Zikishatoka, toroli mbili zitendewe hivi. Fundi wa kuchomelea awatengenezee sahani ya chuma yenye matundu, juu ya mfereji unaorudi mlangoni mwa bwawa. Taka zimwagwe hapo, zipigwe maji kwa mpira wenye shinikizo (tumieni maji yaliyokwishasafishwa ya bwawa la mwisho, msiharibu ya bomba), zisukwesukwe kwa reki. Kinyesi kinachoshikana nazo kinaoshwa na kurudi bwawani, mahali ambapo kitatoa gesi yake bila mtu kukishika. Kinachobaki kikamuliwe kwa mashine ya parafujo, ile ya kukamulia mafuta ikitanuliwa kidogo, au kwa jeki kwenye silinda yenye matundu. Ujazo unashuka hadi nusu au chini ya hapo, harufu inapungua sana na nzi wanakosa chakula. Halafu mfukie kwa tabaka, chokaa na udongo juu kila jioni, kwenye shimo lililo juu ya maji ya ardhini na mbali na kisima. Msichome shimoni: moto hafifu wa plastiki na pampasi mbichi unatoa moshi wenye sumu ambao ni mbaya kuliko harufu wanayolalamikia majirani.

Kufunika bwawa ni mradi wa bajeti ya mamlaka na usanifu wa mhandisi, si wa mwaka huu. Kantini inaweza kuanza mapema. Mabaki ya ugali na wali, maganda ya ndizi na viazi, kutoka kantini yenu na kwa mama lishe wawili watatu wa jirani, yakifika kilo 25 kwa siku yana karibu kilo 5 za vitu vinavyooza, na hivi vinatoa kama lita 400 za methani kwa kilo. Hiyo ni mita 2 za methani, au biogesi mita 3.3 kwa siku: karibu sawa na toroli mbili za chujio, bila nyembe wala pampasi. Hapo sasa mtambo wa kuba unafaa. Jengeni wa mita za ujazo 6, uji wake ukiwa mita 4 na nafasi iliyobaki ya gesi. Ujazeni kwanza uji wa samadi, msubiri mpaka moto uwake wa buluu bila kuzimika, ndipo muanze na kilo 5 za mabaki kwa siku zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maji mara mbili yake, mkiongeza kidogo kila wiki. Mabaki ya chakula huleta tindikali haraka kuliko samadi. Siku mkiona moto umefifia na uji unanuka siki, acheni kulisha kwa siku nne tano na ongezeni ndoo ya samadi. Kwenye bomba la gesi, kabla ya jiko, wekeni kopo lenye chenga za chuma zenye kutu kutoka karakana ya kukereza vyuma zinyonye ile salfaidi, na mzibadilishe zikishakuwa nyeusi zote. Mwageni chenga hizo nje, juu ya mchanga uliolowa, mbali na kitu cha kuungua, maana zikikutana na hewa zinapata moto zenyewe.